Jina la Baba Katika Kitabu cha Waranti

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Leo ni siku ya tatu Baba hayupo nyumbani. Mama anawaambia majirani kwamba amekwenda kutazama mizinga yake ya nyuki. Si kweli. Mtu haendi kutazama mizinga na blanketi mbili na picha yake ya kipaimara. Yuko Ntalikwa kwa Bibi, kwenye dari la ghala, juu ya magunia ya karanga.

Sababu ni Mzee Abasi, tarishi wa korti. Ijumaa alikuja amevaa kofia yake nyekundu ya kazi. Akakalia kiti cha Baba bila kukaribishwa, akala asali yetu kwa kidole, kama kawaida yake. Kisha akasema kwa sauti ya msiba kwamba waranti ya kumkamata Baba imeandikwa. Ameiona kwa macho yake. Akamshauri Baba ale ashibe, maana uji wa gerezani ni mwepesi. Akaondoka na kuku wetu mmoja kwapani, akisema Baba hatamhitaji huko aendako.

Baba hakuuliza kosa. Analijua. Mwezi wa Mei alichuna gome la myombo ili atengeneze mzinga, na tangu hapo hana hakika kama mti ule ulikuwa wetu au wa msitu wa Serikali.

Haya yangekuwa mambo ya wakubwa. Lakini iko fomu yangu ya kwenda kusomea ualimu. Sista Mkuu wa shule yetu amesema baba wa kila msichana afike mwenyewe, aweke sahihi mbele yake, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Baba akitoka darini atakamatwa. Asipotoka, mimi nitabaki hapa kupepeta mtama mpaka nizeeke.

Nimeazimia. Nitajua kama jina la Baba limo katika kitabu cha waranti. Nitajua kwa akili yangu, bila kumwuliza mtu. Anayeuliza hujulikana.

Jumanne, 8 Septemba

Baada ya masomo nilikwenda korti. Nilijifunika kanga ya Mama ili nionekane mtu mzima.

Nje kuna ubao wa matangazo. Juu yake orodha ndefu ya majina. Rahisi kuliko nilivyofikiri! Nikatoa daftari, nikaanza kunakili. Jina la kumi na tisa: Ambrosi. Baba yangu. Nikaketi chini pale pale. Mwanamke muuza mihogo akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu kwamba bado.

Akapita Eustadia, amebeba chakula cha mjomba wake. Mtu ambaye sikutaka kumwona. Darasani anakaa mbele yangu, huwa wa kwanza katika hesabu, na mjomba wake, Bwana Modest, ndiye karani wa korti hii, jambo ambalo hatuachi tulisahau. Akaniuliza kwa nini nanakili majina ya watu wanaotakiwa kuleta mbwa wao wachanjwe. Nikatazama kichwa cha tangazo. Mbwa. Ambrosi huyo ni fundi viatu, ana mbwa watatu.

Eustadia akasema kama nina shida ya korti si niseme tu, mjomba yupo dirishani. Nikamwambia najifunza mwandiko. Akasema mwandiko ule ni wa mjomba wake, atafurahi sana kusikia.

Sitamwomba Eustadia kitu. Afadhali mtama.

Jumatano, 9 Septemba

Mpango bora. Barua isiyo na jina. Niliiandika wakati wa somo la kushona, chini ya kitambaa. Nainakili hapa kwa kumbukumbu:

"Kwa Bwana Karani. Ikiwa mtu fulani, ambaye simtaji, mrina asali, jina lake laanza na A, mwenye baiskeli isiyo na kengele na binti mmoja wa darasa la nane, alichuna gome la myombo mwezi wa Mei, upande wetu wa kijito, chini kidogo ya yale mawe mawili, je, ameandikiwa waranti? Jibu libandikwe kwenye ubao wa mbwa. Ni mimi, Raia Asiyejulikana."

Nimeitumbukiza katika sanduku la barua la korti saa nane na nusu. Hakuna aliyeniona. Ni barua nzuri. Imetaja kila kitu kinachohitajika.

Saa kumi na moja. Nilikuwa nachota maji, ndoo imefika nusu, nikaikumbuka barua neno kwa neno.

Nimemshtaki Baba.

Alhamisi, 10 Septemba

Sikula asubuhi. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema ni homa ya mitihani.

Barua lazima itoke. Nilipaka nta kwenye ncha ya fimbo ndefu. Nta ya nyuki wa Baba hunasa kila kitu. Mchana, korti wakiwa wamefunga kwa chakula, niliingiza fimbo katika tundu la sanduku. Ikatoka barua. Ya duka la Ebrahim. Nikarudia. Ikatoka ya mchungaji. Ya tatu ilikuwa bahasha tupu. Nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Mzee Abasi, na kofia yake nyekundu.

Nilijua sasa korti itaandika waranti mbili kwa nyumba moja. Nikamwamkia, shikamoo, fimbo ikiwa bado mkononi. Akaitika marahaba taratibu. Hakuitazama fimbo hata kidogo. Akauliza kama baba yangu ni mzima. Nikasema mzima, yuko kwenye mizinga. Akauliza kama hakumtumia neno lolote. Nikasema hapana.

"Siku sita," akasema. "Siku sita, hata tusi moja?"

Akaenda zake ameinamisha kichwa, kama mtu aliyesahauliwa na ndugu. Sikumwelewa. Nilizirudisha barua za watu sandukuni, na nta kidogo. Yangu haikuwamo.

Ijumaa, 11 Septemba

Wakati wa mapumziko Eustadia alinivuta kando. Akasema jana jioni mjomba wake aliwasomea barua ya ajabu, na Eustadia mwenyewe alipoiona tu aliujua mwandiko, kwa sababu herufi zangu zina mikia kama ya tumbili. Nilingoja acheke. Hakucheka. Akasema masomo yakiisha nimfuate.

Nilifikiri kukataa. Kisha nikafikiri kwamba kesho saa sita ni kesho saa sita. Nikamfuata.

Korti ina dirisha. Nyuma ya dirisha alikaa Bwana Modest, miwani kwenye ncha ya pua, barua yangu mbele yake. Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza nataka nini. Nikavuta pumzi, nikasema nataka kujua kama jina la baba yangu limo katika kitabu cha waranti.

"Basi," akasema, "umeshauliza."

Akanieleza. Mtu huja dirishani, hutaja jina lake kamili, la baba yake, na kijiji. Karani hufungua kitabu cha mwaka ule na kutafuta. Lisipokuwamo hapa, mtu huenda Boma, ofisi ya wilaya, kwa sababu Boma wana kitabu chao. Hakuna haja ya kanga. Wala nta, akaongeza, akisugua kidole kwenye bahasha ya Ebrahim.

Akafungua kitabu, akalowesha kidole, akaanza Januari. Kitabu kina mistari ya buluu. Nilihesabu kurasa kumi na moja. Eustadia alinishika mkono, nami nikamwacha aushike. Februari, Mei, Agosti. Hadi leo asubuhi.

Jina la Baba halimo.

Akafungua na cha mwaka uliopita, kwa hisani. Halimo. Akasema asubuhi alipokwenda Boma na mafaili aliwauliza na wenzake wa huko, kwa ajili ya Raia Asiyejulikana. Halimo.

Nikamwuliza kuhusu lile gome. Akaigonga barua yangu kwa kalamu. Akasema yeye alikuwapo msitu ulipowekewa alama. Mpaka unaanzia ng'ambo ya kijito. Yale mawe mawili na miti yote ya upande wetu ni ya kijiji. Kama barua isingetaja kijito, asingejua.

Kwa hiyo barua ilisaidia. Naliandika hili lisije likasahaulika.

Bwana Modest akauliza basi waranti hiyo niliisikia wapi. Nikamtaja Mzee Abasi. Bwana Modest akavua miwani, akamwita. Mzee Abasi alipoambiwa kwamba Baba analala juu ya karanga wiki nzima, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Huyo mrina asali ana wazimu? Mimi Mgogo, yeye Mnyamwezi! Tangu babu zake wapite kwetu na mizigo ya pembe, wanaomba maji, sisi ni watani. Nimemtania! Nilijua jioni ile ile atakuja kunimwagia majivu. Nimekaa mlangoni kila siku namngojea. Nikasema basi, Ambrosi amekasirika, utani umekufa."

Akaongeza kwamba hata yule kuku hakumla kwa raha.

Jumamosi, 12 Septemba

Mama na mimi tulianza safari ya Ntalikwa alfajiri. Baba alikataa kushuka. Alisema kutoka juu kwamba habari za korti si za kubahatisha, anataka mtu aliyekiona kitabu. Nikamwambia ni mimi. Nimekiona chenyewe, Januari hadi Septemba, mistari ya buluu, na mti wake uko upande wetu wa kijito. Ngazi ikalia. Akashuka na maganda ya karanga kwenye nywele. Mama alipomweleza habari ya Mzee Abasi, alikaa kwenye kinu, uso mikononi. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Nilikaa nyuma ya baiskeli ya Baba. Njia panda ya mjini alikuwa amesimama Mzee Abasi. Baba alimpita kama gogo, hata salamu. Halafu akanyoosha mkono, akaikwapua ile kofia nyekundu, akaivaa mwenyewe, akakanyaga pedeli kwa nguvu zote. Mzee Abasi alitukimbiza hadi sokoni, akimtukana Baba na ukoo wake wote wa wapagazi, machozi ya furaha yakimtoka.

Tulifika kwa Sista saa tano na nusu. Sista aliitazama kofia, akauliza kama Bwana Ambrosi anafanya kazi serikalini. Baba akasema ndiyo, tangu leo asubuhi. Kisha akaandika jina lake lote, polepole, bila kuinua kalamu. Sijawahi kuona jina zuri kama lile.

Jioni Baba aliniita. Akasema siku nyingine nikiwa na shida niende niulize, kuuliza si ujinga. Nikakubali kwa moyo wote. Nimejifunza kwa maisha yangu yote.

Jumatatu, 21 Septemba

Sista Mkuu ametangaza kwamba majina ya waliochaguliwa kusomea ualimu yamefika. Yamo katika daftari lililo mezani kwake. Anayetaka kujua abishe hodi tu, aulize.

Eustadia amekwisha kwenda. Amechaguliwa. Ameniambia anadhani aliona fomu yenye mikia ya tumbili imechomekwa kwenye daftari lile, lakini niende nikaulize mwenyewe, hata sasa mlango uko wazi.

Nina matumaini makubwa. Lakini nikibisha hodi, Sista atajua kwamba nina wasiwasi.

Nimechana karatasi katikati ya daftari langu. "Kwa Sista Mkuu. Ikiwa msichana fulani, ambaye simtaji, jina lake laanza na J, ambaye baba yake alikuja kutia sahihi na kofia ya tarishi..."

Safari hii nimeandika kwa mkono wa kushoto.