Posa ya Sentensi Tatu

Leo nimeaibika mbele ya watu kumi na saba, na sinia la kalimati mkononi. Nimejifungia chumbani kwangu hapa Newtown, bado nimevaa nguo za shughuli, na haya naandika kwa hasira. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaamua nani mwenye makosa. (Si mimi peke yangu.)

Kaka yangu Jabiri mnamjua. Ndiye aliyenipokea Birmingham nilipotoka Tanga miaka minne iliyopita. Akanipa kitanda chake, yeye akahamia kwenye kochi ambalo ni fupi kuliko miguu yake. Miaka miwili sasa anampenda Salha. Salha ni binti wa Kizanzibari aliyezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kumposa kwa baba yake, Mzee Masika, kule Winson Green. Wiki nzima Jabiri hajala vizuri. Nikamwonea huruma. Na balaa zangu zote huanzia hapo, kwenye huruma.

Maana mnajua pia mimi na mambo ya nyota. Mchana naosha vyombo kwenye mgahawa Digbeth, mapumziko nasoma unajimu kwenye simu. Naota siku moja nitakuwa na ukurasa wangu, watu wanapanga foleni niwasomee. Katika nyota zote naipenda Zebaki, hiyo mnayoiita Mercury, kwa sababu ndiyo nyota ya ulimi. Ilivyokaa na wenzake siku uliyozaliwa, ndivyo utakavyoongea maisha yako yote. Ikitazamana uso kwa uso na Mirihi, unajibu kabla swali halijaisha (Shangazi Zuwena, huyohuyo). Ikikaa na Zuhura, hata ukimnyima mtu kitu anaondoka anakushukuru. Ikiwa pembe tatu na Mshtarii, maneno yanakutoka kama bomba lililopasuka, na watu wanakupenda hivyohivyo. Lakini ikikaa bega kwa bega na Zohali, basi tena. Mtu huyo anapima maneno kama dawa ya mtoto. Ukimpelekea porojo umekwisha.

Kwa hiyo nikamwomba Salha tarehe aliyozaliwa baba yake. Akanitumia palepale: tarehe moja Januari, na mwaka, na picha juu. Yeye na ndugu zake kila mwaka mpya wanampikia mzee keki. Kwenye picha amekaa mbele ya mishumaa, kimya, uso mzito kama mtu anayesomewa hukumu. Nikaingiza tarehe kwenye app. Zebaki na Zohali, bega kwa bega! Nikatazama app, nikatazama picha, nywele zikanisimama. Halafu nikakumbuka kwamba mwaka jana kwenye harusi ya dada yake Salha nilimwamkia mzee huyo, akaniitikia kwa kichwa tu. Mnataka ushahidi gani tena?

Tatizo likawa mshenga wetu. Mshenga ni Mzee Sefu, rafiki wa marehemu baba, dereva mstaafu wa basi. Huyo akianza kukusalimia Perry Barr, mnafika mjini bado hajafika kwenye kuulizia wajukuu. Nyota zake nilishamsomea mwezi uliopita, Zebaki na Mshtarii, pembe tatu safi kabisa. Alifurahi mpaka akaniomba nirudie ile sehemu ya kipaji. Basi juzi nikamfuata kwake. Nikamweleza kwamba yeye ni mafuriko na Mzee Masika ni jiwe, na kwamba akienda na salamu zake zile ndefu atamkera mzee wa watu, na Jabiri atakosa mke. Akafikiri. Akauliza, basi aseme nini? Nikampa kikaratasi. Sentensi tatu.

Shangazi Zuwena aliposikia akasema posa siyo kuagiza teksi. Nikajiambia kimoyomoyo, hiyo ni Mirihi yake inaongea. (Mungu anisamehe.)

Tukafika saa nane mchana, magari mawili. Nyumba ni ile ya mstari, imebanana na majirani kushoto na kulia. Wanaume wakakaa sebuleni, wanawake chumba cha nyuma, mlango wa katikati wazi. Mimi nikajipa kazi ya kugawa kalimati ili nisimame pale mlangoni, nione matunda ya akili yangu. Jabiri kanzu nyeupe, jasho kwenye paji la uso. Mzee Masika kwenye kiti chake, kofia ya kiua, mikono juu ya magoti, kimya. Zohali mtupu.

Mzee Sefu akakohoa. Akatoa kikaratasi. (Nilimwambia akariri.) Akasoma:

"Assalamu alaikum. Tumekuja kumposa Salha kwa kijana wetu Jabiri. Tunasubiri jibu."

Akakikunja, akakirudisha mfukoni.

Saa ya ukutani inasikika. Hita inasikika. Mzee Masika anamtazama Mzee Sefu kama mtu anayengoja basi ambalo limeshapita. Na mimi, mjinga mimi, nikamgeukia Shangazi nikamwinulia dole gumba. Nikamnong'oneza kwamba watu wa Zohali wakifurahi huwa hivyo.

"Salamu zimekwisha?" akauliza Mzee Masika.

"Zimekwisha," akasema Mzee Sefu.

"Hakuna zaidi?"

Mzee Sefu akatoa tena kikaratasi, akakigeuza kutazama nyuma. "Hakuna."

Mzee Masika akavuta pumzi. Jamani, lile jiwe likafunguka.

"Sheikh wangu, miye hapo chini kwenye duka la chips nikiingia, yule kijana huniuliza siki, huniuliza chumvi, huniuliza nitakula hapa au nachukua. Na chips zile si mwanangu."

Hakusimama hapo. Akauliza nani amemuulizia hali ya mama yake, ambaye yu hai na ana miaka mingi kuliko jela kongwe ya hapo jirani. (Nadhani alitia chumvi.) Akauliza nani amemuulizia goti lake. Akauliza Jabiri ni mtoto wa nani, wa wapi, na mababu zake walikuwa watu wa namna gani, maana hakuna aliyemwambia. Akasema tangu Alhamisi anajiandaa kujibu. Ana methali. Ana mistari ya shairi ameitunga mwenyewe. Amejibana tangu asubuhi hajamwambia mtu neno, anangoja zamu yake, na zamu yenyewe imekuja kwa kikaratasi!

Kumbe ule ukimya ulikuwa foleni.

Dakika kumi na tano alisema bila kumeza mate. Mimi natamani zulia linimeze. Mwishowe akashusha sauti, na hapo ndipo palipouma.

"Mwanangu haombwi hivyo. Viatu vyenu viko mlangoni."

Nikamtazama Jabiri. Bwana harusi hasemi kwenye posa. Aliinamisha kichwa tu, akawa anaisugua kanzu yake kwa kidole gumba mahali pamoja, kama kuna doa. Hakukuwa na doa. Miaka miwili ile ikawa inaondoka mbele ya macho yangu.

Hapo Mzee Sefu, mtu mzima, rafiki wa marehemu baba yangu, akaniuza.

"Maneno haya si yangu mimi," akasema. "Ni ya Hidaya. Yule pale mlangoni, mwenye kalimati."

Vichwa kumi na saba vikanigeukia. Nimevihesabu, sikuwa na kazi nyingine.

"Njoo hapa binti," akasema Mzee Masika. "Nimekukosea nini?"

Nikaingia na sinia langu. Nikamwambia hajanikosea, nilitaka kumheshimu. Nikaeleza mambo ya Zebaki na Zohali, na jinsi watu wa namna yake wasivyopenda maneno mengi. Nikamtajia na ile siku ya harusi aliyoniitikia kwa kichwa. Akasema siku ile alikuwa ametoka kung'olewa jino. (Jino!)

"Na hizo nyota umezisoma wapi?"

"Kwenye tarehe yako ya kuzaliwa, mzee wangu. Moja Januari."

Akanitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Binti, miye naitwa nani?"

"Mzee Masika."

"Na huko kwenu Tanga, masika huwa lini?"

Sinia likaanza kuwa zito. "Mwezi wa tatu," nikasema. "Wa nne."

Akaniacha nisimame na jibu langu. Kisha akawasimulia watu kwamba usiku aliozaliwa mvua ilikata njia, mkunga akafika amejifunika gunia kichwani, na jina lake likatoka humo. Tarehe hakuandika mtu. Mwaka nao wanabishana mpaka leo. Alipokwenda kutafuta pasi ya kusafiria, karani akamuuliza tarehe, akamjibu, wakati wa masika. Karani akasema masika hayana nafasi kwenye fomu. Akaandika moja Januari, akaita mtu mwingine.

Karani huyo popote alipo, nina ugomvi naye.

Salha akatokeza kutoka chumba cha nyuma, kasahau kwamba leo anatakiwa kuona haya. Kwa Kiingereza chake cha Birmingham akamuuliza baba yake, na zile keki je? Miaka yote ile?

"Mlikuwa mnafurahi, mwanangu," akasema mzee. "Keki hairudishwi."

Salha akauliza, na ule uso kwenye picha? Mzee akasema mishumaa ilikuwa mingi, alikuwa anaogopea ndevu zake.

Nusura nilie, na aibu yangu yote. Lakini mzee hakuwa amemaliza nami. Akauliza mle sebuleni nani mwingine amezaliwa moja Januari. Mkono mmoja ukapanda. Wa pili. Wa tatu. Wazee wazima, wanachekana. (Babu yangu mwenyewe pasi yake inasema moja Januari, na siku zote nilidhani amebahatika.) Halafu polepole, kama mtoto aliyevunja kikombe, ukapanda mkono wa Mzee Sefu.

"Mzee Sefu! Nilikusomea nyota saa nzima!"

"Ulikuwa unasema mazuri, mwanangu," akasema. "Ningekukatiza vipi?"

Nikasahau kwamba nimebeba kitu. Sinia likainama. Kalimati zote, na shira yake, zikatiririka kwenye zulia la watu, moja ikaenda kusimama kwenye kidole cha mguu cha Mzee Masika. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika kuta. Shangazi Zuwena alicheka kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

Mtu mmoja hakucheka. Jabiri alipiga magoti na kanzu yake nyeupe, akaanza kuokota kalimati mojamoja. Alipofika kwenye mguu wa Mzee Masika, akasema taratibu, bila kuinua kichwa:

"Mzee wangu, goti linakusumbua lipi?"

Kicheko kikakatika.

"La kushoto," akasema mzee.

"Baridi, au na ngazi?"

"Ngazi khasa. Kushuka."

"Na bibi hajambo? Anapata usingizi?"

Basi wakaendelea. Jabiri chini na kalimati zake, mzee juu ya kiti, wakamaliza bibi, wakaenda kwa wajomba, wakafika kwa jirani aliyevunjika nyonga. Sijawahi kumsikia kaka yangu anaongea hivyo. Hata nyota zake sijawahi kumsomea, nilidhani nazijua. Chai ikaletwa. Hakuna aliyevaa viatu.

Tulipoaga, Mzee Masika akamshika Mzee Sefu mkono mlangoni.

"Posa sijaikataa," akasema. "Sijaulizwa bado. Jumapili ijayo mje mniulize. Muanze na goti."

Kwenye gari Shangazi Zuwena alisema aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, siyaandiki. Jabiri aliniambia neno moja tu, kwamba Jumapili nizipumzishe nyota. Ila aliniambia anatabasamu, na njiani alikula kalimati mbili zilizokuwa zimekwama kwenye mkono wa kanzu.

Sasa nimekaa hapa. Nina hasira na karani, nina hasira na app, nina hasira na wazee wote wanaokula keki isiyo yao na nyota zisizo zao huku wanasema ahsante. Nikaona angalau nijihakikishie yangu. Nikampigia Mama Tanga. Nikamuuliza, Mama, mimi nilizaliwa hasa lini?



"Kwani umeulizwa na nani?" akasema.

Nikamwambia sijaulizwa na mtu, nataka kujua tu. Akasema mtandao unasumbua, atanipigia kesho. Jana tuliongea saa moja na nusu bila mkwaruzo.

Mwenye kutaka kucheka acheke. Ila kwanza atuandikie hapa amezaliwa lini, na alete shahidi ambaye si karani.