Jinsi Mkono Chuma Alivyolitundika Taulo

Sogeeni, enyi wenye masikio mazima, na mwenye sufuria motoni apunguze moto, kwa maana habari hii ni kubwa na haipendi harufu ya kuungua. Ni habari ya Mkono Chuma, kinyozi wa kona, bwana wa mikasi, mtawala wa kiti kimoja kirefu na benchi moja fupi, ambaye jina hilo hakupewa na mtu bali alijipa mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya kioo.

Naye alikuwa na donda moja moyoni: baba mkwe wake alinyolewa ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi mwingine, na mtaa wote ulijua.

Ikawa jioni ya Alhamisi, ukweni, shemeji yake, kijana mwembamba kama mpini wa ufagio, akamtazama kiunoni akasema, "Shemeji, huo mkono chuma uko wapi? Mimi naona tumbo tu."

Wakacheka wakwe. Shujaa akavua shati. Akajibwaga sakafuni kati ya kochi na meza, akapiga pushapu, yeye ambaye tangu aoe hakuinua kitu kizito kupita sahani yake. Akapiga, meza ikatetemeka, mama mkwe akaondoa vikombe. Kisha akasimama akihema, akanena, "Baba, Jumamosi njoo kwangu nikunyoe, uuone mkono huu kazini."

Mzee akamrushia shati lake. "Nitakuja," akasema.

Jumamosi ilipopambazuka, majeshi ya maumivu yalikuwa yameteka mabega yote mawili, yamepiga kambi kifuani, yameshuka hadi viwiko. Mkewe akamvalisha shati, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Mtoto wetu wa mwisho anajivalisha," akasema mke.

"Mama watoto, usimdhihaki majeruhi."

"Majeruhi wa sebuleni."

Mke alipogeuka, yule simba akafungua droo ya dawa, ufunguo akautia mfukoni, akatoa vidonge vya diklofenaki ambavyo mkewe aliandikiwa alipoumia goti, akameza viwili kwa maji matupu, bila hata kipande cha mkate. Akaenda kufungua duka. Taulo likamponyoka, akataka kulirudisha kwenye msumari wake, msumari ulio usawa wa macho tu, si mbinguni. Mkono ukafika kifuani ukagoma. Taulo likalala kwenye mgongo wa kiti, na tumbo likaanza kuwaka.

Ndipo akaandamana hadi duka la dawa kuomba jeshi la akiba.

"Dada, nipe ibuprofeni, ile kali. Nimevamiwa."

"Na nani, kaka?" akauliza muuza dawa.

"Mabega. Ni mazoezi."

"Umefanya kwa muda gani?"

"Jioni moja."

Dada akainamisha uso kidogo, akaunyanyua ukiwa mtulivu. "Umeshameza dawa yoyote leo?"

"Diklofenaki. Ya mke wangu."

"Umekula?"

"Shujaa hali kabla ya vita."

"Na tumbo?"

Mkono Chuma akalishika tumbo lake, na hilo likawa jibu.

"Sikuuzii," akasema dada. "Hiyo uliyomeza na hii unayotaka ni ndugu wa baba mmoja. Ukizikutanisha, mabega hayaponi upesi, ila tumbo ndilo litakalolipa. Kale. Leo usimeze tena, na ya mwenzio usiiguse. Mikono isogeze taratibu, usiilaze. Maumivu ya mazoezi huondoka yenyewe baada ya siku chache. Tumbo likizidi, au ukipata choo cheusi, nenda hospitali, usije hapa kuhutubia."

"Unamnyima silaha mtu anayekwenda vitani."

"Namnyima vidonda vya tumbo. Haya, anayefuata."

Akarudi dukani kwake, akala mkate aliouleta mkewe na maneno ya mkewe, na moto wa tumbo ukapungua. Alikuwa bado anatafuna alipoingia baba mkwe, akapanda kiti kirefu, akafungwa kitambaa shingoni. Ng'ambo ya barabara yule kinyozi mwingine akatoka mlangoni, akakunja mikono, akatazama.

Shujaa akainua mashine. Mashine ikanguruma mbele ya kifua chake, mbali na kichwa kama nchi na nchi.

"Unanyoa kioo?" akauliza mzee.

"Baba, fundi mkubwa huanza kwa kutafakari, kwanza huipima ardhi ya kichwa, kisha..."

"Nyoa."

Mkono ukapanda kidogo, ukashuka. Likabaki benchi fupi la kufungia viatu, ambako kichwa kingekuwa usawa wa kifua. Lakini nani amewahi kumwambia baba mkwe, mbele ya mtaa, ashuke akae chini ya magoti ya mkwewe? Kijasho kikamtoka. Mzee alikuwa tayari anashika ncha ya kitambaa akifungue.

"Baba," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "mkono haupandi. Zile pushapu zimeniua. Naomba ushuke ukae kwenye benchi."

Mzee akamtazama kwenye kioo, chini ya yale maandishi mekundu. Akashuka, magoti yakalia, akaketi.

"Unajua kwa nini nilihamia kule?" akasema. "Yule hanyoi vizuri. Ila hasemi. Nyoa, na mdomo ufunge."

Akanyoa. Kwa mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe, kichwa kizima kilinyolewa bila hotuba, na mkono, kwa kwenda na kurudi polepole, ukaanza kulegea. Mzee akajipapasa, akasimama. "Jumamosi ijayo," akasema, akatoka. Ng'ambo ya barabara, mikono iliyokunjwa ikakunjuka.

Ndipo Mkono Chuma akalishika taulo. Akauma meno, akainua, akakosa. Akainua tena, akiguna kama anayebeba jeneza la jitu, na taulo likakaa msumarini.

Iandikwe basi, na watoto wafundishwe: wengine waliteka miji, huyu alitundika taulo. Mkewe alikuwa mlangoni, ameshuhudia.

"Hongera," akasema. "Sasa leta ufunguo wa droo."