Shamba Langu Lililohamia Ranongga

Jumatatu, 11 Juni 2007

Nimeamua. Shamba langu halikufa. Limehama!

Tetemeko la Aprili lilizamisha minazi ya babu yangu kule kisiwani kwetu, Simbo. Sasa samaki wanapita kati ya vigogo. Siku ileile, huku kisiwa cha Ranongga, kwa kina mke wangu, bahari ilirudi nyuma na mwamba mzima ukabaki nje, matumbawe meupe yakinuka hadi kanisani. Kule kumezama, huku kumeibuka. Hata mtoto wa chekechea angejua hesabu hiyo. Kilichoibuka ni changu.

Nimechoka kuwa mkwe wa kukaribishwa. Kila mnazi ninaoukwea hapa ni wa mtu. Nikitaka kujenga tanuri la kukaushia mbata, niombe. Siku nikifa, sijui nitamwomba nani kaburi.

Leo nimemwona Shemeji akitembea juu ya mwamba kwa hatua ndefu, hatua za mtu anayepima. Shemeji ni kaka yake Nerolin, mke wangu. Jina lake mila hainiruhusu kulitamka, na hata humu naogopa kuliandika. Lakini hatua zake nimeziona.

Jumanne, 12 Juni

Nimepanda! Karibu miche yote ya minazi iliyokuwa nyuma ya jiko. Udongo hakuna, ni matumbawe matupu, nimechimba kwa mtaimbo. Malengelenge viganja vyote viwili. Haidhuru. Anayepanda mnazi ameweka dai lake mahali pale, kila mtu hapa anajua.

Nerolin amerudi kutoka bustanini akauliza miche ya mama yake iko wapi. Nikamwambia iko mahali pazuri, inapata upepo wa bahari. Viazi vya jioni sikuviona.

Jumatano, 13 Juni

Ufedhuli! Shemeji amepanda miche yake katikati ya yangu. Kila nilipoacha nafasi, kaweka mche.

Kumtukana siwezi, ni shemeji. Kugombana naye uso kwa uso ni aibu ya kulipiwa faini ya nguruwe. Kwa hiyo nimeongea na mbwa, kwa sauti kubwa, Shemeji akiwa amesimama palepale.

"We mbwa! Hivi ukiona mwenzio kafukua shimo, lazima na wewe ufukue papo hapo?"

Shemeji naye akamgeukia mbwa yuleyule. "Mwambie bwana wako, wenzake hupanda minazi. Yeye anaizika."

Mbwa akajiondokea. Sisi tukabaki tunatazama bahari, kila mtu upande wake.

Alhamisi, 14 Juni

Serikali imetuletea daktari wa miamba kutoka mji mkuu, Honiara. Mama wa kisiwa cha Malaita, Dokta Fugui, ana kofia pana na nyundo. Mama Mkwe aliposikia kuna daktari akaja na goti lake bovu. Dokta akalitazama kwa heshima, akasema pole mama, mimi natibu visiwa.

Nimembebea mkoba kutwa nzima na kumuuliza kila kitu. Anasema dunia ina ganda, na ganda limevunjika vipande vikubwa ambavyo havitulii. Kusini mwetu, kipande cha sakafu ya bahari kinajisukuma chini ya visiwa hivi, polepole, kama kucha inavyoota. Kinakwama. Kinauvuta ukingo wa huku nao unapinda. Siku kinapochomoka, ukingo unaruka juu. Ranongga imekaa juu ya ukingo. Simbo imekaa kwenye kipande kinachoshuka. Bahati yetu hiyo!

Kisha akatupandisha mlimani hadi bustani ya Mama Mkwe. Akagonga kwa nyundo kati ya matuta ya viazi, akatoa gamba la chaza. Huko juu kabisa! Anasema kisiwa hiki kiliinuliwa kutoka baharini hivyohivyo, tetemeko kwa tetemeko, kabla hata ya watu kufika. Mama Mkwe amelichukua gamba lake, amesema limetoka kwenye bustani yake.

Nikauliza: kwa hiyo mshtuko uliozamisha kwetu ndio huohuo ulioinua huku? Dokta akasema ndiyo, lakini... Baada ya hiyo "lakini" sikusikiliza tena. Shahidi nimeshampata.

Ijumaa, 15 Juni

Kikao. Kijiji kizima. Nimevaa shati la kanisani.

Nikaeleza kwamba Simbo imetoa, Ranongga imepokea, na mpokeaji akimjua mwenye mali sharti arudishe. Nilisema vizuri sana. Nikamgeukia Dokta Fugui athibitishe. Akasema kwa upole kwamba ardhi ya Simbo haikwenda popote. Ipo palepale, chini ya maji.

Walicheka! Chifu mwenyewe alifuta machozi.

Shemeji akasimama akasema yeye ni mwanamume, mzaliwa wa hapa, na kwa hiyo. Hakuimaliza hiyo "kwa hiyo" yake. Mama Mkwe alishainuka, goti na yote.

"Nyinyi wawili! Nani kati yenu amewahi kuinama pale akaokota chaza?"

Mimi nikakagua vifungo vya shati, Shemeji vidole vyake vya miguu.

"Mimi nimeokota. Mama yangu kaokota, na bibi yangu. Maji yakienda zake, ndiyo mwamba umepata mwenyewe mwingine? Hapa ardhi inapita kwa wanawake, iwe kavu, iwe imelowa. Hebu kaeni chini!"

Tukakaa. Chifu akasema neno limekwisha. Mwamba ni wa Mama Mkwe na Nerolin. Minazi ni ya walioipanda, nao waimwagilie maji. Uso wa Shemeji! Nilifurahi kama vile nimeshinda mimi.

Njiani Nerolin akanishika mkono.

"Eze, si ungeniambia tu? Unataka pa kujenga tanuri, jenga. Na mimi nikizikwa hapa, ulidhani nitalala peke yangu?"

Nililia. Nilisingizia vumbi la matumbawe, lakini nililia kwelikweli. Nina mahali. Sitaki tena mambo ya ardhi maisha yangu yote.

Jumatatu, 18 Juni

Mtikisiko mdogo asubuhi. Vikombe vimegongana, kuku wamepiga kelele, basi.

Nikamkumbuka Dokta. Alipokuwa anapanda boti nilimuuliza, kwa kutaka kujua tu, ni wapi pataibuka safari ijayo. Akasema huenda ni mwamba wa nje, ule wa kina kirefu. Akaongeza kwamba pengine ni enzi za vitukuu wa vitukuu, na kabla ya hapo hata huu wa sasa unaweza kurudi chini taratibu.

Nimetulia, nimewaza. Mwamba wa nje ni kina kirefu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuokota chaza kule. Hauna mwenyewe!

Nikafunga mche kwenye jiwe, nikapiga kasia hadi nje, nikautumbukiza. Umezama vizuri sana, wima. Vitukuu wa vitukuu? Sina haraka.

Kuinua kichwa, naona mtumbwi mwingine. Shemeji! Jiwe mapajani, miche miwili miguuni. Mbwa hakuwepo. Nikaliambia kasia langu kwamba sisi ndio tumetangulia. Shemeji akaliambia kasia lake kwamba kesho watakuja na miche minne.

Jioni Nerolin ameuliza miche ya mama yake iliyobaki iko wapi. Nimemwambia iko mahali pazuri, inasubiri kisiwa tu.