Ruhusa ya Kuvusha Kasiksi Hombo

Jumatatu, tarehe 6 Novemba. Kashebere.

Hasira! Hata bugali nimeuacha nusu. Binamu yangu Mamy amepiga simu toka Bukavu: kasiksi ya mama yangu mudogo, Mama Léontine, ile pombe ya ndizi inayofanya wazee waimbe, kule inaitwa "Kataliko". Kataliko! Muntu wa duka na Fuso, hajawahi kumenya hata ndizi moja! Ananunua kwa mama mudogo, anavuka kizuizi cha Hombo kwenye mpaka wa mkoa, anabandika jina lake kwenye bido, ile mitungi ya plastiki. Kisha Jumapili anakaa kiti cha mbele kanisani.

Mama mudogo hakulia. Amesema tu anataka watu wa Bukavu wajue ni mikono ya nani. Nikamwambia aniachie mimi. Mimi njo kichwa cha hii familia! Nitatafuta ruhusa ya kutuma pombe Kivu ya Kusini moja kwa moja, mpaka mulangoni kwa munywaji. Mamy tayari amekusanya wanunuzi. Kataliko apasuke.

Jumanne.

Mama Chantal wa ofisi ya ruhusa ameniangalia kama nzi ndani ya chai. Eti kuvusha pombe mpaka mkoa mwingine, lazima mupishi aje mwenyewe, na chupa moja iende Goma kupimwa. Nikasema mupishi iko mugonjwa sana. Akauliza kama ni yule Léontine aliyepita asubuhi na mkungu wa ndizi kichwani. Watu wa ofisi hawana adabu!

Lakini nikitoka nikasikia anamwambia mwingine: ya jus anasaini siku hiyo hiyo.

Jus! Na mutobe ni nini kama si jus? Maji matamu ya ndizi, watoto wanakunywa. Ukitia unga wa mtama uliokaangwa, siku mbili tatu mbele ni kasiksi. Basi nitatia unga hapa, nitapita kizuizi ikingali jus, ichachuke ikifika Bukavu. Kataliko hawezi kufikiri hivi hata azaliwe mara mbili.

Jumatano.

Karatasi ya jus ninayo! Mutengenezaji: Akilimali. Walitaka jina, na aliyesimama mbele ya meza ni mimi. Mama mudogo akiuliza, nitasema ni utaratibu.

Mama mudogo amenionya nisikaze vifuniko, ile kitu inataka kupumua. Nimevikaza kwa koleo. Harufu ikitoka, nani atasadiki ni jus?

Ijumaa. Ndani ya matope.

Barabara ya mashetani! Lori imezama mpaka mlangoni, tangu jana. Mabido yamevimba kama mbuzi wenye mimba. Moja inapiga mluzi. Dereva Hakorimana amekataa kulala karibu na mzigo wangu. Mwoga!

Nani anapita, anarudi toka Bukavu? Kataliko, kiwiko dirishani. Akauliza kama jus yangu iko na homa. Nimemtukana mpaka sauti ikakauka.

Jumapili. Hombo, kasho.

Wamenifunga! Papa Stéphane wa kizuizi alifungua bido moja. Ikamupiga usoni, ikarusha kofia, ikashuka ndani ya shati. Akalamba mdomo. Akalamba tena. Akaita wenzake. Akauliza, kwa heshima kabisa, nani fundi wa kitu tamu hivi.

Jina la Mama Léontine lilikuwa kwenye ulimi. Lakini wote walinitazama kwa macho mazuri, na mimi si jiwe. Nikasema: ni mimi! Karatasi nayo ilisema ni mimi. Basi wakafunga mimi. Saa hii wanakunywa huko nje, wanaita "Akilimali oyee!" Hakuna anayeniletea hata kikombe.

Jumanne, tarehe 14.

Hakorimana alipiga simu nyumbani. Mama mudogo akaja. Na Fuso ya Kataliko! Kiti cha mbele! Hakunisalimu. Akawaambia wale wakubwa kama kweli mimi ni fundi, waniulize ndizi gani inapikwa na gani inakamuliwa. Wakauliza. Nikajibu. Wakacheka mpaka Papa Stéphane akaketi chini, wakanifungulia kwa huruma. Huruma! Mabido tumerudishiwa, matupu.

Njiani akasema neno moja tu: jina lake limesikika Hombo hatimaye, kama mama wa mufungwa.

Jumamosi, tarehe 9 Desemba.

Wezi wote! Mama mudogo alienda ofisini mwenyewe na chupa yake, na leo ruhusa imetoka. Ya pombe kweli. Kila bido imeandikwa LÉONTINE, herufi nyekundu. Alimwambia Kataliko hatamuuzia tena hata kikombe. Abebe mzigo kwa nauli tu ao aache. Anabeba! Anamwita Mama Patro, kama bosi wake! Na wazo lilikuwa la nani? Langu! Mimi nimepewa kuosha mabido.

Lakini nimemuuliza Mama Chantal kwa ujanja. Kuvusha kuku wazima ni shida: daktari, sindano, mihuri. Ya mayai anasaini siku hiyo hiyo.

Basi! Mayai yanayokaribia kuanguliwa. Hombo tunapita na mayai, Bukavu tunashusha kuku. Masanduku nitapigilia misumari pande zote, wasisikike wakilia.