Chumba cha Msimamizi wa Swichi

Jumatatu, 3 Machi
Swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zetu kwa waya, imekufa. Ofisi nzima ya upimaji ardhi imekunja mikono: kompyuta nane, hakuna ramani inayotumwa. Fundi kaleta mbili tuchague. Ya kawaida: chomeka waya, kazi iendelee. Ya kusimamiwa: ina nywila, unapanga nani apate mtandao na nani asipate, ila lazima awepo msimamizi.

Msimamizi! Bosi kadokeza kwamba huyo atapewa kile chumba kidogo chenye mlango. Mimi naketi kando ya choo, mwaka wa sita huu. Dada katibu muhtasi akasema ofisi ndogo kama yetu ya kawaida inatosha. Fundi akamuunga mkono. Wivu tu.

Jioni nikamwambia mama mkwe kwa simu kwamba nimeshapanda cheo. Amefurahi mno. Atakuja Ijumaa kukiona chumba.

Jumanne, 4 Machi
Tumeanza kujaribu ile ya kawaida. Inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Katibu anatembea kama aliyeizaa.

Nimesoma maelekezo. Ukichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi ya kawaida, mtandao unajizunguka hadi unazimika. Ile nyingine ingegundua na kulifunga tundu la waya huo. Haya!

Jumatano, 5 Machi
Wenzangu wakiwa kwenye chai, nilichomoa waya kwenye kompyuta yangu, nikairudisha ncha hiyo kwenye swichi. Kufumba na kufumbua, mtandao ukazimika ofisi nzima. Nikaeleza kwa masikitiko kwamba niliwaonya. Bosi akanitazama kwa heshima. Mara ya kwanza!

Fundi akaja, akaufuata waya kwa kidole. Ulikuwa na kibandiko chenye jina langu. Nilikibandika mwenyewe, kuonyesha utaratibu.

Nikajitetea kwamba lilikuwa jaribio la kitaalamu. Bosi akasema alikuwa haoni haja ya swichi ya kusimamiwa. Sasa ameiona, maana ofisi ina mtu kama mimi. Itanunuliwa.

Nimeshinda!

Alhamisi, 6 Machi
Msimamizi ni katibu. Nywila anayo yeye, chumba anacho yeye. Meza yake nimeibeba mimi. Tundu langu amelifunga. Kila asubuhi nimwombe alifungue. Nimeumia, sifichi. Nililia kidogo chooni, bomba likiwa wazi wasisikie.

Mchana nikameza kiburi, nikamwomba anisitiri kesho mbele ya mama mkwe, dakika kumi tu. Akasema ataona.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kafika saa nne, kavaa kama anakwenda harusini. Katibu akampa shikamoo, akamkalisha chumbani, akamwambia bila mkwewe swichi hii isingenunuliwa. Hakudanganya hata neno. Mama mkwe akafuta machozi, akasema binti yake hakukosea. Bosi akapita, akasalimia kwa adabu, akaenda zake. Wema wao uliniingia hadi mifupani. Nikaapa: uongo basi.

Wakati wa kuaga, mama mkwe akaiona mashine kubwa ya kuchapa ramani. Akauliza ile nayo iko chini ya nani. Nikamwambia iko chini yangu.

Jumatatu analeta dada zake watatu waione ikifanya kazi. Sijawahi kuigusa. Kitabu chake cha maelekezo nimekibeba nyumbani. Siku mbili zinatosha kabisa.