Sala za Babu kwa Kinywa Changu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimerudi kijijini Janga kutoka Maneromango. Vumbi mpaka kwenye kope, lakini nimefanikiwa. Shangazi Loyce amenipa kitabu cha sala cha marehemu babu, kisicho na jalada. Jumapili jumuiya yetu inachagua mwenyekiti. Castory anadhani kiti ni chake kwa sababu anaomba nusu saa bila kumeza mate. Mimi huishia kwenye kubariki chakula. Sasa nina sala mia mbili, zote za watu waliokwisha kufa. Nani atakuja kuzidai?

Jumanne, 4 Machi
Nimekariri sala ya jioni huku napalilia mihogo. Mara ya saba nikamsahau Castory, nikaanza kukumbuka dhambi zangu. Nikaacha haraka. Kazi ingelala.

Alhamisi, 6 Machi
Jumuiya tumekutana kwa Bibi Selina. Tangu amzike mwanawe Magembe mwezi wa kwanza, haondoki kitandani wala hasemi na mtu. Castory akaomba dakika arobaini. Bibi akageukia ukutani.

Zamu yangu. Nikasali sala ya jioni, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri. Macho nimefumba, mkono kifuani, kama ninayetunga papo hapo. Mstari wa tatu ukanipotea. Nikarudia wa pili.

Sauti ikatoka kitandani: "Usituulize tumepoteza nini, Bwana, maana unajua. Keti nasi tu."

Bibi Selina! Akaketi, akaimaliza hadi amina. Akasema baba yake aliisali kila jioni, na kwamba tangu msiba alikuwa anatafuta maneno, hayaji. Kisha akaomba uji. Watu wakalia. Hata mimi, na sikuwa nimepanga.

Castory akaniuliza kwa upole nimeitoa katika kitabu gani.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata kura mbili. Moja yangu. Amechaguliwa Bibi Selina, ambaye hata hakugombea. Kila Alhamisi atatufundisha sala za kale, kwa kitabu changu. Castory ameshaomba nakala.

Mke wangu Jenifa amenishauri nimwombe Mungu kwa maneno yangu mwenyewe, hata matatu. Ushauri mzuri. Mchana huu nimetunga sala nne, nikaziandika kwenye karatasi, nikazichovya kwenye chai ya rangi na kuzianika juani. Zikikauka, zitakuwa na umri wa miaka mia na hamsini.