Funza kwa Ajili ya Wakwe

Alhamisi, 4 Julai 2024
Wakwe wanakuja Jumapili ya wiki ijayo kutoka Binza, kumposa Veronica wangu. Na kuku wangu wote wamekonda! Ukimchinja mmoja unapata mchuzi na aibu. Jirani Wilhelmina kaniuliza kama nawalisha maombi. Kuku wake yeye wanene kama bata. Siri yake: funza.
Jioni mwanambuzi wetu kafa. Machozi kidogo, kisha akili. Nimemtia kwenye ndoo, kifuniko, jiwe juu. Nzi wasije kunilia funza wangu.

Jumatatu, 8 Julai
Harufu ipo, funza hakuna hata wa dawa. Veronica, aliyemaliza kidato cha nne na maneno yote ya huko, kasema: Mayu, mama yangu, funza ni watoto wa nzi, fungua nzi watage. Nimemwambia nyama yenyewe ndiyo huzaa funza, tangu enzi za bibi. Ila labda imekosa hewa. Nimefungua. Kwa ajili ya hewa!

Jumanne, 9 Julai
Nzi wa kijani, jeshi zima. Nimewafukuza kwa kanga mpaka bega likaisha. Wakaidi! Machoni na mdomoni mwa marehemu wameacha vitu vyeupe kama chenga za mchele. Wachafu hawa.

Ijumaa, 12 Julai
Funza! Wanachemka kama uji, ndoo ina joto lake yenyewe. Mwanambuzi kabaki ngozi na mifupa. Kuku wamepigania vikombe vitatu. Unaona kazi ya hewa, nimemwambia Veronica. Kacheka, sijui nini.
Namwogopa Wilhelmina, asije kuniibia. Nimeingiza ndoo sebuleni, nyuma ya kochi. Baba Veronica kahamia kwa kaka yake, eti wana mazungumzo.

Jumapili, 14 Julai
Jamani! Mzee Machibya, baba wa kijana, kaketi kwenye kochi. Tumesali. Kusema amina tu, funza wote nje ya ndoo! Wameshiba, wanatafuta udongo wa kujifukia, Veronica kaninong'oneza. Wamepita juu ya viatu vya mkwe. Kuku wakaona mlango wazi, wakaingia kumi na mmoja, wakawadonoa katikati ya miguu ya wageni. Nikajua mwanangu atazeekea kwangu.
Mzee kainua miguu, kacheka mpaka kofia ikaanguka. Kasema kwenye nyumba inayolisha kuku hivi, mwanawe hatakufa njaa. Barua ya posa katoa palepale! Mkewe kaomba tu tulie chakula nje.

Jumatano, 17 Julai
Raha tupu. Harusi Septemba. Wilhelmina kanipa hongera kwa nusu mdomo.
Nimefagia nyuma ya kochi, nimekuta funza wengi waliokauka, wa kahawia, wagumu kama punje. Akiba ya kuku! Nimejaza makopo mawili, nimeyaweka wazi kabatini wapate hewa, juu ya mashuka meupe ya harusi. Veronica kapiga kelele kuwa humo ndani wanalala nzi. Nimemwambia nzi ana mabawa, mwanangu. Hawa hawana hata miguu.